Duka la kuprinti mabango pale Mwembe Tayari, kwa nyinyi mnaojipanga u-MCA, yaani uwakilishi wa wadi bunge la kaunti, 2027

Kwa vile kila nikipita naulizwa "zile karatasi zenu za kampeni mlichapisha wapi", nimeona niandike mara moja watu wasome. Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027 lakini ukizunguka Mombasa saa hii nguzo za stima zishajaa sura za watu, wengine hata hujui wanataka kiti gani, ni meno nje na kidole gumba juu basi. Kwaio wanaotafuta pahali pa kuprinti ni wengi na wanaoliwa pesa zao ni wengi vile vile. Hili duka mimi nalipatia nyota nne kwa tano, na hio moja niliyoibania nitaieleza huko chini manake ina sababu.

Jina siandiki. Mwenyewe kaniomba, anasema yeye huchapishia vyama vyote na wasio na chama, akisifiwa na upande mmoja upande wa pili watasema huyu ni wa fulani, na msimu wa siasa Mombasa mwaujua wenyewe. Liko Mwembe Tayari, umeacha barabara kubwa kidogo, orofa ya kwanza, chini yake wanauza mabegi ya shule. Uliza "kwa mzee wa mabango" utaonyeshwa.

Mimi nashika pesa za kampeni ya dada mmoja, wadi moja huko Kisauni, anasimama binafsi bila chama. 2022 alisimama pia, hakupita, daftari la matumizi nilikua nalo mimi na safari hii limerudi kwangu tena. Kauli yake haijabadilika, pesa ya kaunti ihesabiwe na iende kwenye shida za watu: mtaro, taa za vichochoroni, choo cha soko, dawa za zahanati, darasa la chekechea. Sasa mtu anaesimama mbele za watu akasema hivo alafu yeye mwenyewe hana risiti ya bango alilosimama chini yake, nani atamuamini? Kwaio tulikubaliana tangu mwanzo kila karatasi ya matumizi inabandikwa ukutani pale maskani, asome anaetaka, hata wa upande wa pili. Na wanasoma wallahi. Kuna mzee mmoja huja Ijumaa baada ya swala na miwani yake anapekua moja moja, akikuta mafuta ya bodaboda yamezidi anauliza yalikwenda wapi.

Kabla ya kufika hapa tulizunguka. Duka la kwanza, nalo silitaji, kijana wa kaunta hata sijamaliza kusema tunataka nini ananiuliza "risiti tuandike ngapi?" Nkamwambia andika hio hio tutakayolipa. Akaniangalia vile mtu anavoangaliwa akiwa mgeni mjini. Kumbe ndio mazoea, wanaoleta kazi wengi ni wapambe si wagombea, bango la elfu tatu linaandikwa elfu saba, hizo nne zinabaki njiani, na mgombea ama hajui ama anajua ananyamaza. Mimi naona ananyamaza, na nikimuona mtu ameshindwa kulinda elfu nne zake mwenyewe sioni vipi nimkabidhi kusimamia mamilioni ya wadi. Duka la pili hawakua na hayo mambo ila bei yao ilikua ya mdomo, asubuhi mia nne, ukirudi na pesa mia sita, ukiuliza unaambiwa dola imepanda.

Kwa huyu mzee unakaa kwenye kiti cha plastiki, binti yake ndie mwenye kompyuta, na kila kitu unaandikiwa kwa mstari wake: karatasi, wino, kukata, kutia vile viringi vya chuma vya kupitishia kamba, usafiri, na VAT 16% peke yake chini. Bana, yaani bango la plastiki, tulilipa sh 500 kwa mita ya mraba na viringi ndani ya hio bei, si ya chini kabisa mjini, nasikia kuna wa mia nne, lakini ya mia nne viringi ni pesa nyingine na ukibeba mwenyewe ni tuktuk nyingine ukijumlisha ni pale pale. Risiti ni ya eTIMS, ule mfumo wa risiti za kodi, ina ile alama ya kuskani, ukiweka simu inafungua kwenye tovuti ya KRA, watu wa kodi, kwaio yule mzee wetu wa miwani hana la kusema. Malipo ni till ya duka, ile namba ya kulipia ya biashara, sio namba ya mtu. Hili liangalieni sana, duka likikuambia "tuma kwa hii namba ya kijana wangu" jua hesabu zako zishaharibika hapo hapo.

Lililonimaliza kabisa ni hili. Vijana wetu walitaka flaya elfu kumi, kila mtu anasema wengine wanamwaga elfu ishirini. Mzee akauliza mna watu wangapi wa kuzigawa kwa mkono, si kutupa barabarani, kugawa. Tukamwambia. Akapiga hesabu na kidole kwenye kaunta akasema chukueni elfu tatu, zikiisha mrudi, faili liko kwa binti. Mfanyabiashara anaekuambia nunua kidogo mimi sijamuona wengi. Na kweli zile elfu tatu hazikuisha haraka hivo.

Sasa la kuudhi, ambalo mimi nalipenda. Hachapishi kitu mpaka mgombea mwenyewe aje, si mpambe, atie saini kwenye sampuli. Binti anachukua rula anaiweka juu ya karatasi anashuka mstari kwa mstari akisoma kwa sauti, jina, wadi, namba ya simu tarakimu moja moja, sifuri, saba, mbili, na wewe unafuatisha na yako mkononi. Ukinung'unika kwamba una haraka mzee anakukumbusha 2022. Nani Mombasa kasahau ile? Mkesha wa tarehe 9 Agosti tunaambiwa kura ya gavana haipo kesho, karatasi zimekuja kutoka Ugiriki na picha na maelezo ya wagombea si sawa, Mombasa na Kakamega zote, tukaambiwa tarehe 23, alafu ikasogezwa tena mpaka 29, ndio siku alochaguliwa Abdulswamad Nassir. Watu walirudi kwenye foleni mara ya pili kwa kura moja, na wengine hawakurudi. Mzee anasema "kiwanda kizima cha Ugiriki kimekosea, sembuse mimi na mashine moja". Sisi kwenye sampuli yetu rula ilikamata tarakimu moja ya simu, saba imekua moja, watu wangepigia mtu asiyetujua miezi yote ya kampeni.

Upande wa nyuma wa flaya ndio tulibishana nao sana, na ndio ulonifanya nimuheshimu binti. Mbele ni kama za kila mtu, picha, jina, wadi. Nyuma wengine huweka kauli mbiu kwa herufi kubwa na ngumi. Dada yetu alitaka sehemu mbili, MCA anaweza na MCA hawezi. Binti akasema hii nani atasoma, herufi ndogo mpaka utafute darubini. Akaipunguza yeye mwenyewe, na wallahi ilikua bora kuliko tulivyopeleka. Upande wa anaweza: kutunga sheria za kaunti, kusimamia gavana na mawaziri wake wanavotumia pesa, kusema shida ya wadi kwenye bunge la kaunti, na kukaa juu ya bajeti ya vitu vya kaunti, yaani zahanati, chekechea, vyuo vya ufundi, masoko, taka, mitaro, taa, barabara za mtaani. Upande wa hawezi: kuongeza feri Likoni, kutengeneza barabara kuu, kukupatia kitambulisho, kuajiri polisi, kujenga sekondari. Hayo yako mikononi mwa serikali kuu, mtu anaekuahidi feri akiwa anataka u-MCA anakuchezea, na Mombasa tushaahidiwa feri na watu wa kila kiti.

Maji ndio yalotupa kazi. Dada yetu hakutaka kuahidi maji vile wengine wanavoahidi, bomba kila nyumba. Maji ya Mombasa mengi yanatoka nje ya kaunti, Mzima huko Taita Taveta, Baricho Kilifi, Marere na Tiwi Kwale, sasa mtu wa wadi atayaletaje peke yake? Binti akaandika hivi: "Maji: hatoki nayo mfukoni. Atauliza bungeni kila mwezi yamekatika kwa nini na bili imetoka wapi." Tukaiacha hivo hivo.

Alafu chini kukawa na tarehe. Sisi tulileta majina marefu ya kiserikali, yeye akayafuta yote. Ikawa: 1 Septemba, kaunti inapeleka mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata. 28 Februari, inapeleka mpango wa pesa, na akaongeza "hapa ndio pa kupiga kelele". 30 Aprili, bajeti yenyewe inaingia bungeni. 30 Juni, iwe imepita, mwaka wa pesa unaanza 1 Julai. Watu wengi huenda kulalamika mtaro mwezi wa saba, pesa ishagawanywa. Na mstari mmoja wa mwisho kwamba sheria ya fedha za umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iwe ya maendeleo, sio mishahara na safari, na kwamba ripoti za Mdhibiti wa Bajeti zipo wazi kwa kila mtu, kaunti zote 47, Margaret Nyakang'o huzitoa na ukizisoma utajua kaunti gani imetumia nini.

Hizo karatasi hazikutupwa, hilo nimeliona na macho yangu. Fundi cherehani mmoja ameibandika juu ya mashine yake na pini. Vijana wa boda stendi wanaitumia kubishana, mtu akisema MCA alituahidi feri wenzake wanamtolea karatasi. Kama kuna aliyeifungia viazi karai pia sikatai, karatasi ni karatasi.

Leso sasa, yaani kanga. Hapa ndipo kila kampeni ya Mombasa huingia. Wapambe wakasema bila leso akina mama hamuwapati, twendeni Biashara Street tuweke oda yenye jina la mgombea. Dada akakataa, na si ubahili, sheria ya makosa ya uchaguzi ya 2016 inasema kumpa mpiga kura kitu ili akuchague ni hongo, faini mpaka milioni mbili au jela mpaka miaka sita au vyote viwili. Ndio, mwaona wengine wanatoa mchana kweupe na hakuna aliyefungwa, najua. Mama mmoja akamkabili pale kwenye baraza yake, "mwanangu, mwenzio katupa leso na wewe watupa karatasi?" Akamjibu "mamangu, leso ntakuletea siku ya arusi ya mwanao, si leo". Mama akacheka sana. Kura hakuahidi.

Mzee wa mabango nae angeweza kupata pesa nzuri kwenye tisheti na akatupunguzia tena. Tulitaka mia mbili, akauliza za nani. Mawakala na vijana wanaozibua mitaro Jumamosi, basi. Akasema hao ni wachache, na msiandike mwaka mgongoni, mkiandika 2027 inakua tambara siku ya pili, mkiandika jina la mtaa na "usafi" mtaivaa hata mkishindwa. Za 2022 ambazo tulichapisha kwingine zilikua na tarehe kubwa, saa hii zinafutia pikipiki. Mabango nayo hivo hivo, ya plastiki hayaozi, zungukeni Kisauni muone mabanda ya kuku yameezekwa na sura za waheshimiwa wa miaka ya nyuma, kuku wamelala chini ya ahadi.

Haya, ile nyota.

Kwanza wakati. Tuliambiwa Alhamisi tukapata Jumatatu. Stima ilipotea siku nzima hio si kosa lake, hana jenereta ya kuendesha mashine kubwa, sawa. Lakini stima iliporudi, kukaja watu wa mtu anaetaka ubunge na oda yao kubwa, na yetu ikawekwa pembeni. Nilikua nimesimama pale naona bana ya mita sita ya mheshimiwa mtarajiwa inatoka polepole kwenye mashine, harufu ya wino imejaa chumba, na faili letu liko kwenye foleni halijaguswa na tulilipa nusu siku nyingi kabla yao. Nkamwambia mzee huu ni ule ule mchezo wa tenda tunaoukataa kaunti, mwenye pesa nyingi anapita mbele. Hakupenda. Akasema biashara ina watoto wa kulishwa. Mimi pia sikupenda jibu lake, na mpaka leo sioni kama alikua na haki. Ukiwa mteja mdogo jua utasukumwa, itisha siku ya kutoka kazi iandikwe kwenye kotesheni, sisi haikuandikwa.

Pili rangi. Kijani chetu kwenye kioo cha kompyuta kilikua kizuri, kwenye karatasi kikatoka kama mchicha uliopikwa ukasahauliwa jikoni. Hapa nimpe haki yake, alizirudia nusu yake kwa gharama yake na nusu tukazikubali vile zilivyo kwa bei ya chini, na ikaandikwa kwenye risiti. Ngazi pia ni nyembamba na giza, ukiwa na mzee au mtu wa magongo msimpandishe, binti atashuka na sampuli ukimpigia. Sasa yule mgombea ambae lazima atie saini mwenyewe akiwa mlemavu itakuaje, niliuliza, wakasema watashuka. Sawa.

Kuna watakaosema Nairobi ni rahisi, peleka faili River Road mzigo uje na basi usiku. Kwa bei ya karatasi peke yake ni kweli kidogo. Ila jumlisha nauli ya mzigo, na kosa likitokea nani atakwenda kurudisha, na mtu anaezunguka akisema vijana wa Mombasa hawana kazi alafu pesa yake ya kwanza ya kampeni anaituma Nairobi, mimi siwezi kumtetea kwenye baraza ya kahawa. Kuna mmoja wadi ya jirani alifanya hivo, boksi likafika na jina la wadi limeandikwa vibaya. Akazigawa vile vile.

Kwa anaeanza kabisa bila chama, kabla hujaenda kwa mtu yeyote wa kuprinti tenga hizi kwanza: ada ya IEBC, tume ya uchaguzi, kwa kiti cha MCA ni sh 5,000, na kwa wanawake, vijana na walemavu ni 2,500. Saini za wapiga kura wasiopungua 500 walioandikishwa wadi hio hio, na chama chochote uwe umetoka angalau miezi mitatu kabla ya siku ya uchaguzi. Kutafuta saini 500 za ukweli ni kazi kuliko bango, mtu atakuambia yuko wadi yako kumbe kura yake iko Malindi, kwaio pesa ya kwanza ni ya viatu na fotokopi. Fotokopi pia anafanya, na ukipeleka nyingi pamoja anapunguza.

Mkienda, bebeni faili kwenye flashi na picha ya mgombea iliyo kubwa, ya WhatsApp hataki, inatoka na mavumbi. Diposti ni nusu. Asubuhi mapema ndio kumetulia, kuanzia saa tano wapambe wamejaa mpaka kwenye ngazi na kila mmoja anampigia simu mheshimiwa wake kwa sauti. Ijumaa wanafunga saa sita mpaka saa nane. Jumapili mzee hayupo ila binti yupo, na kusema kweli kazi ya Jumapili hutoka haraka zaidi.